Ruzuku ya mbolea ihusishe na vijidudu? Watu wa Tanga tujadili

Wakulima wenzangu, salaam. Tangu 2022 tunanunua mbolea kwa ruzuku. Sasa wapo wanaotaka ruzuku ifike hadi kwenye chanjo ya mbegu, yaani raizobia, bakteria wanaopakwa kwenye mbegu za jamii ya kunde ili wakae mizizini na kuvuna naitrojeni ya hewani. Sina ugomvi na bakteria. Ruzuku yake ndiyo naipinga, kwa sasa.

Urea ikipata unyevu inaganda, unaiponda, unatia shambani, maisha yanaendelea. Raizobia wakipigwa na jua wanakufa, na pakiti inabaki nzuri vilevile. Ingia duka la pembejeo la bati pale Pongwe saa nane mchana, halafu uniambie kilicho hai humo ni nini zaidi ya muuzaji.

*Mlushoto:* Kaka, joto hilo ni la kwenu pwani, huku Usambara tunavaa masweta. Na kupima si kazi. Maharage yakitoa maua, chimbua mche na udongo wake, usiuvute, maana vinundu, yaani vijivimbe vya mizizini wanamokaa bakteria, vitabaki chini. Suuza mizizi, pasua kinundu kwa ukucha. Ndani pakiwa pekundu, bakteria wako kazini. Pakiwa peupe au kijani, hamna kitu.

*Wa Muheza:* Mnagombania maharage, mie nna michungwa. Raizobia na mchungwa wapi na wapi? Kama ni ruzuku, basi na trikoderma iwemo, ule ukungu unaowala ukungu wenzake wanaoozesha mizizi.

*Mwenye mada:* Mlushoto, kipimo chako nakikubali, ila jibu linakuja pesa imeshatoka. Kianzie kwenye maharage yasiyochanjwa. Udongo uliozoea maharage mara nyingi una raizobia wake, na wa pakiti wakifika wanazidiwa na wenyeji. Ukikuta wekundu bila chanjo, hela hiyo kanunulie mbolea ya fosfati, maana fosforasi ikipungua hata bakteria wazuri wanazembea. Tena mbegu nyingi za dukani zimeshapakwa dawa ya ukungu, na baadhi ya dawa hizo zinaua bakteria wako kabla hujafukia. Nani anamwambia mkulima hayo? Mie ningelipia kwanza jokofu la duka na mafuta ya pikipiki ya bwana shamba.

*Mlushoto:* Ya maharage umenishika. Lakini soya ni mgeni, mashamba mengi hayana bakteria wake kabisa, na hapo ndipo chanjo inaonekana kwa macho. Anayeanza soya msimu huu mnamnyima ruzuku kwa kosa la friji ya nani?