Mto mtulivu wa siku 4 kwa mtumbwi, tukilala njiani: San Juan au Green River?

Kafi_Jepesi
Wakuu, habari za majukumu. Tuko Salt Lake City, watu wazima wawili na watoto wawili wa miaka 9 na 12, mitumbwi miwili. Tunataka siku 4 za kuteremka na mto, tunalala kandokando, bila maporomoko. Ziwani kupiga kafi tunajua, mtoni bado. Tumetajiwa San Juan, Ruby-Horsethief na Green River. Upi unatufaa, na mwezi gani?

Mkondo_wa_Chini
Green River, kipande cha Labyrinth, kuanzia Ruby Ranch hadi Mineral Bottom. Ni maili 45, kama kilomita 72. Mto pale haushuki hata futi 2 kwa maili, ndiyo maana maji yametulia njia nzima. San Juan ni mzuri sana, lakini una maporomoko ya daraja la 2 na la 3 (kipimo cha ugumu wa maji, 1 hadi 6), na kibali chake kina bahati nasibu. Ruby-Horsethief, kipande cha mto Colorado, ni maili 25 tu, halafu pale Black Rocks maji yakiwa mengi huzunguka vibaya. Ukipitiliza pa kutokea, Westwater, unaingia kwenye korongo ambalo si la watoto.

Kabla ya kupanga tarehe soma kipimo cha maji cha USGS (shirika la jiolojia la Marekani) cha mji wa Green River. Mei na Juni, theluji ikiyeyuka, namba inaweza kuvuka futi za ujazo 10,000 kwa sekunde. Hapo mkondo unakubeba wenyewe, ila mafungu ya mchanga yamezama, kingo zimezibwa na vichaka vya tamariski, na mbu ni wengi mno. Septemba mara nyingi utakuta kati ya 2,000 na 4,000. Mtapiga kafi zaidi, lakini mafungu yako nje, mapana, na mbu wamepungua. Kwa familia yako ningechagua Septemba bila kusita.

Omo_na_Tezi
Naunga mkono, ila mto huu adui yake ni upepo. Mchana hupanda korongo na kukujia usoni. Upepo wa omo, yaani wa mbele, ukishika kasi, unapiga kafi kwa nguvu zote na mtumbwi unabaki palepale. Kwa hiyo muwe majini saa 12 asubuhi, na saa 6 mchana muwe mmeshatafuta fungu la kulala. Maili 11 au 12 kwa siku zinatosha kumaliza safari.

Upakiaji ndio watu wa ziwani wanakosea. Mtu mzima anakaa tezi (nyuma), mtoto omo (mbele), basi omo inakuwa nyepesi na upepo unaigeuza kila dakika. Dumu za maji ziweke nyuma tu ya kiti cha mtoto, chini kabisa, zifungwe. Omo ikizama kidogo kuliko tezi, mtumbwi unashika mstari. Upepo ukizidi, jibanzeni ukingoni, msikate mto kwa ubavu. Kwenye kona ya Bowknot mto unazunguka maili 7 na kurudi karibu kabisa na ulipotoka, kwa hiyo upepo uliokutesa upande mmoja utakusukuma upande wa pili.

Majaketi ya kuokolea watoto wasiyavue wakiwa majini. Utah ni sheria kwa walio chini ya miaka 13. Na kafi moja la akiba kwa kila mtumbwi.

BondeKavu
Niongeze habari ya kutokea. Mineral Bottom iko kushoto, ijueni kwenye ramani kabla ya kuanza. Mbele yake ni hifadhi ya Canyonlands yenye kibali chake, na maili 4 hivi chini ya makutano na mto Colorado yanaanza maporomoko ya Cataract. Barabara ya kupanda kutoka Mineral Bottom ni ya udongo, ina kona kali, na ikinyesha inateleza hata kwa gari kubwa. Mwaka 2010 mvua iliikata kabisa. Bebeni chakula cha siku moja ya ziada.

Kibali cha Labyrinth ni cha BLM (idara ya ardhi za umma), hakina ada. Ruby Ranch ni ardhi ya mtu, mtalipa kushusha mitumbwi. Choo cha kubeba chenye mfuniko wa kubana ni lazima. Mkojo unakwenda mtoni, si mchangani. Moto uwashwe ndani ya karai la chuma, na majivu mnaondoka nayo.

Kafi_Jepesi
Shukrani sana wakuu. Na maji ya kunywa? Nimeona picha, mto wenyewe ni kama chai ya maziwa.

Omo_na_Tezi
Bebeni ya kutosha: lita 4 kwa mtu kwa siku, yaani lita 64 kwa wote, 32 kila mtumbwi. Ya mto yawe ya akiba. Ukiyatia moja kwa moja kwenye chujio, tope linaliziba mara moja. Teka ndoo ya lita 20, tia shabu ya unga kijiko kimoja cha chai, koroga, acha usiku kucha. Asubuhi chota ya juu bila kutibua chini, ndipo uchuje au uchemshe. Shabu inashusha tope tu, haiui vijidudu.

BondeKavu
Usiku mitumbwi pandisheni juu, ipindueni, na kila mmoja ufungwe kwenye shina. Maji hupanda giza likiwa limeingia, kwa mvua ya mbali au bwawa la Flaming Gorge likifunguliwa zaidi. Mkifika kambini chomekeni kijiti pale maji yanapoishia, mkikague kabla ya kulala. Na hema lisikae kwenye mdomo wa korongo kavu hata kama mchanga wake ni laini kuliko kwingine. Mbingu zikiwa safi juu yenu, mafuriko yanaweza kutoka huko juu msikoona.