Nyanya zimejikunja, vitumbua vimegoma

Kutoka: Mama wa Leicester
Jumapili, 29 Juni 2025

Asalaam aleikum, na kwa wasio wa upande huo, hamjambo nyote.

Nimekuja na kesi mbili, moja ya shamba na moja ya jikoni, na zote nimejitakia mwenyewe.

Ya shamba kwanza. Mnajua kwamba mwaka jana nilipata kishamba cha manispaa baada ya kungoja foleni miaka mitatu. Wenyewe wanaita alotimenti: unalipa kodi kidogo kwa mwaka, unalima utakacho, na wazee wa Kiingereza wanakuchungulia juu ya ua kuona kama unajua kushika jembe. Changu ni nusu kiwanja, kama mita za mraba 125. Mwaka jana mvua zilizidi na koa wakanilia mchicha wote. Jioni miche ilikuwa na majani manne manne, asubuhi nikakuta vijiti na ute unang'aa. Mzee wa kiwanja cha pili akanishauri nifukie kikombe cha bia, koa wanaifuata wanazama. Nikamwambia baba, bia mimi siinunui hata kama ni ya konokono. (Baadaye nikajua zipo punje za kuua koa za fosfati ya chuma, ndizo ninazotumia sasa. Zile za zamani za buluu, zenye metaldehaidi, zimepigwa marufuku hapa tangu 2022. Ukizikuta kwenye banda ulilorithi, usizimwage shambani.)

Mwaka huu nikasema naanza na udongo wenyewe. Ni mfinyanzi, ukikauka unapasuka kama kisigino kisichopakwa mafuta. Kuna zizi la farasi nje ya mji wanagawa samadi bure, mtu anakwenda na magunia yake. Tukajaza magunia kumi na mbili, mume wangu akaendesha madirisha wazi mpaka nyumbani na hakunisemesha siku nzima. Samadi ilikuwa nyeusi, imeiva, nikaifukia mwezi wa tatu. Mwishoni mwa Mei, umande wa barafu ulipokwisha, nikatoa miche ya nyanya, maharage na pilipili mbuzi. Mahindi nikayatia upande wa mwisho.

Sasa sikieni. Nyanya zimekunja majani ya juu kama kiganja kinachofumbwa, mapya yanatoka membamba, yamejisokota mfano wa kangaga. Majani ya maharage yamekuwa vikombe. Si bakajani, bakajani nalijua, lile huja na madoa ya kahawia na harufu ya uozo. Hapa hakuna doa hata moja, ni kijani safi ila kimepinda. Na mahindi, kwenye samadi ile ile, yamesimama kama hayakupewa habari. Maboga niliyapanda pembeni, nje ya samadi (mbegu nilitoa mwenyewe kwenye boga la mwaka jana, lililoota jirani na vile viboga vya mapambo vya yule mzee), nayo yanatambaa vizuri. Mzee anasema ni joto. Binti yangu anasema ni husuda. Nyie mnasemaje?

Ya jikoni. Idi Kubwa, Ijumaa ya tarehe 6, nikajitia kupika vitumbua. Chuma changu cha vishimo cha kuvipikia kilibaki Unguja kwa dada kwa sababu ya kilo za mzigo. Nikasema trei ya keki ndogo itafaa, naitia ndani ya oveni. Nikaloweka basmati, nikausaga na tui la kopo, hamira, iliki na sukari, nikauacha usiku kucha juu ya kabati. Asubuhi uji uko vile vile, haujapanda hata ukucha. Nikasema utapanda motoni. Jamani! Vilitoka vigae: juu vimekauka, ndani vibichi, chini vimeng'ang'ania bati mpaka nikatumia bisibisi. King'ora cha moshi kikalia katikati ya takbira. Watoto walivila na aiskrimu, kwa heshima tu.

Kosa liko wapi? Na chuma nitakipata wapi bila kungoja mtu anayetoka nyumbani?


Kutoka: Mdogo wenu wa Stuttgart
29 Juni, usiku

Shikamoo Mama. Nitasema la samadi, kisha la maboga. Vitumbua nawaachia wenyewe.

Husuda haichagui nyanya ikaacha mahindi. Inayochagua hivyo ni dawa ya magugu. Iko moja inaitwa aminopiralidi, hupuliziwa kwenye malisho ili iue magugu ya majani mapana na kuacha nyasi. Farasi anakula nyasi hizo zikiwa kavu, dawa inapita tumboni bila kuvunjika, inatoka na kinyesi, na kwenye lundo la samadi inaweza kukaa muda mrefu. Ukiifukia bustanini inaendelea na kazi yake. Nyanya, maharage na viazi huumia mwanzo. Mahindi ni jamaa ya nyasi, ndiyo maana yamepona. Hukohuko Uingereza mwaka 2008 watu wengi wa bustani walipata hasara hii, hadi kibali cha dawa kikasimamishwa kwa muda, kikarudi baadaye na masharti. Anayegawa samadi mara nyingi hajui lolote, nyasi kavu kanunua kwa mtu.

Lakini usinisadiki, jaribu. Chukua vyungu sita vidogo. Samadi iliyobaki kwenye magunia changanya nusu kwa nusu na udongo wa dukani, jaza vitatu. Vitatu vingine tia udongo wa dukani peke yake. Panda maharage matatu kila chungu, na uvitenge, maji ya vile yasiingie kwenye hivi. Ndani ya wiki tatu utajua. Ikiwa ni yenyewe, ng'oa nyanya na usitupe mabua yake kwenye mboji, maana utaihamisha tu. Pindua udongo mara kwa mara, vijidudu vya udongoni ndivyo vinavyoivunja dawa. Na hapo hapo mwakani tia mahindi tena.

Sasa maboga, na hili ndilo lililonifanya nisilale kabla ya kuandika. Boga likichavushwa na kiboga cha mapambo, lenyewe litakuwa tamu kama kawaida, lakini mbegu zake zinaweza kuzaa maboga machungu. Uchungu ule ni sumu, inaitwa kukurbitasini, na haitoki kwa kupikwa. Agosti 2015 huku kwetu Ujerumani, mji wa Heidenheim, mzee wa miaka 79 alifariki baada ya kula zukini, jamaa ya boga, zenye uchungu huo, za bustani ya nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kupika boga lolote la mbegu zile, kata kipande kidogo kibichi, gusisha ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, tema, na boga lote liende jaani. Usione haya kwamba ulilitunza miezi minne.


Kutoka: Dada wa Louisville
30 Juni

Jambo ba ndugu wote.

Mama Leicester, pole sana. Wewe ulishindwa na farasi, mimi nilishindwa na jirani. Tuko na bustani ya pamoja nyuma ya kanisa, kila mtu na kipande chake. Nilipanda lengalenga, hiyo yenye munaita mchicha, mbegu nilipewa na mama mumoja wa Bukavu. Ikafika kwenye goti. Nikapata zamu za usiku kazini, sikuenda siku tatu. Siku ya ine nakuta udongo mutupu, safi kama kiwanja cha mupira, nyanya tu ndizo zimebaki.

Ni bibi mumoja Mumarekani, mutu wa moyo muzuri kabisa, aliona "magugu" yamenizidi akanisaidia kuyang'oa. Na si kosa lake. Huku lengalenga wanaijua kama adui: ndugu yake mumoja ndiye anasumbua wakulima wa soya na pamba, dawa zinamushindwa. Bibi aliposikia ni chakula, akalia. Ningemukasirikia namna gani? Tukaenda wote kwenye lundo, tukachagua yenye haikunyauka bado, yeye anashika mufuko mimi natia. Nikapika siku ile ile na kitunguu na mawese kidogo.

Nimeweka kibao: HII NI CHAKULA. Sasa yeye mwenyewe anakuja kuchuma, anapika na mayai.


Kutoka: Baba wa Aarhus
30 Juni

Mama Leicester, wewe unakaa mji uliojaa Wahindi, unatuulizia sisi chuma cha vitumbua? Nenda duka lolote la vyombo la Wahindi wa kusini, sema unataka chuma cha paniyaram, vitumbua vya kwao. Kina vishimo saba au zaidi, mfuniko na kijiti cha kugeuzia. Ni kile kile.

Huku Denmark natumia cha æbleskiver. Desemba ya kwanza kazini walipozileta nikacheka peke yangu: vitumbua vya ngano hivi, wanachovya kwenye jamu na sukari ya unga! Chuma kizito, vishimo saba, maduka ya mitumba yamejaa. Walioko Uholanzi watawaonyesha cha poffertjes, vijikeki vya huko, msidanganyike, vishimo vyake ni vya kumpikia mwanasesere.

Kosa lako si trei peke yake. Hamira haikufa, ilisinzia. Juu ya kabati la Uingereza usiku si sawa na juu ya kabati la Unguja. Weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, washa taa yake tu, funga mlango. Tui la kopo nalo lipashwe liwe vuguvugu, likitoka kwenye friji linaigandisha hamira usingizini. Halafu basmati peke yake hutoa kitumbua kikavu: wakati wa kusaga ongeza konzi moja ya wali uliokwisha kupikwa. Saga mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie mchanga. Nyumbani hatukuambiwa haya kwa sababu joto lilikuwa linatufanyia kazi bure.

Chuma kipya usikipikie siku hiyo hiyo. Kioshe, kikaushe motoni, kipake mafuta, kipashe mpaka kifuke moshi, kiache kipoe, rudia mara tatu. Fungua dirisha na funga mlango wa jikoni. King'ora usikizibe. Mwaka juzi nilikivika kofia ya plastiki ya kuogea, nikaikumbuka baada ya wiki tatu, na mke wangu bado ananisimulia kwa wageni.


Kutoka: Mama wa Leicester
Jumatano, 23 Julai 2025

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nangoja maharage.

Vyungu vile niliviweka dirishani chumba cha kulala, vitatu kulia vitatu kushoto, mume wangu akaniuliza kama ni uganga. Wiki mbili vyote vilikuwa sawa nikaanza kumdharau mdogo wetu wa Stuttgart, anisamehe. Wiki ya tatu vyungu vya samadi vikatoa majani yaliyokunjana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Vya udongo mtupu vimenyooka, kimoja kinatafuta mti wa kupandia. Basi. Nyanya nimeng'oa zote, mashina ishirini na mawili, nikayatia kwenye pipa la takataka la kawaida huku nimefumba macho. Zizi nimewapigia. Mama aliyepokea alinyamaza kidogo, akasema atamwuliza aliyewauzia nyasi.

Maboga bado machanga, ila moja la ukubwa wa ngumi nimelikata nikaligusa kwa ulimi. Halina uchungu. Hata hivyo nitaonja kila moja, na mbegu za mwakani nitanunua. Wanaoulizia mbegu za mchicha kwa faragha, acheni kupakia kwenye masanduku: kuingiza mbegu za kupanda hapa kutoka nyumbani kunataka cheti cha afya ya mimea. Mwulizeni Mjamaika, anaita callaloo. Mbengali ana ule mwekundu, lal shak. Pakiti moja inatosha mtaa mzima.

Na chuma! Jumamosi nilikwenda duka moja la vyombo. Nyuma ya kaunta yuko bibi wa Kihindi, miwani imemshuka puani. Nikaanza kumweleza kwa Kiingereza na mikono: chuma, vishimo, duara. Akaniangalia, akasema, "Unataka ya vitumbua?" Nikashika kaunta. Kazaliwa Jinja, wakafukuzwa na Amin mwaka 1972 yeye msichana, wakaja moja kwa moja Leicester ilhali manispaa ya hapa ilikuwa imetangaza kwenye gazeti la Uganda kwamba wasije. Kiswahili chake cha dukani, "leta ile, weka hapa," lakini hakijaota kutu. Akanitolea kidogo chenye vishimo saba, akakirudisha, akanipa kikubwa cha kumi na mbili. "Watoto ngapi? Hii ndogo utasimama mpaka usiku."

Nimekipaka mafuta mara tatu kama nilivyoagizwa. Chano cha kwanza vilishika, cha pili vilitoka na kisogo kimoja kimoja, cha tatu nilimwita mume wangu aje kuona: vimevimba, vina tundu tundu ndani, vya kahawia ukingoni. King'ora kililia mara moja tu.

Bibi yule ameomba nimpelekee sita, visiwe na sukari nyingi, ana kisukari. Baba wa Aarhus, nikipunguza sukari hamira itapanda vile vile?