Shairi kaandika AI, mama wa bibi harusi kalia. Mimi ni malenga au karani? Naombeni ushauri

Malenga_Mchovu
Wakuu heshima kwenu. Kazi yangu ya pembeni ni mashairi ya sendofu na risala za harusi, niko Tanga, mwaka wa 11 huu. Juzi kati nikapata kazi ya dharura, sendofu kesho mteja ananipigia leo saa nne usiku na mimi nina homa nimejifunika shuka mbili, nikaona isiwe tabu nikafungua ChatGPT nikaiambia marehemu baba wa binti alikuwa nahodha wa jahazi, niandikie tarbia beti sita. Sekunde chache imemaliza. Nikagusagusa vina viwili vitatu, kesho yake nikaenda kusoma.

Mama mtu akalia jamani, mpaka mashangazi wakamshika. Miaka 11 naandika kwa jasho langu hajawahi kulia mtu, vigelegele viwili watu wanahamia kwenye pilau. Nimelipwa 50,000 na tangu siku hiyo usingizi wa mang'amung'amu. Kama kipaji nilichokuwa najionea fahari hata simu inacho, mimi nina nini sasa? Niache au niendelee? Matusi sitaki.

Kete_Nyeusi
Kuna Mkorea anaitwa Lee Sedol, bingwa wa mchezo wa Go, 2016 pale Seoul akapigwa 4-1 na AlphaGo, programu ya AI. 2019 akastaafu, akasema hata awe namba moja kuna kitu hakishindiki. Kapumzike mkuu.

Sipati_Picha
Kete unamvunja moyo mwenzio. Kasparov, bingwa wa chesi, kafungwa na kompyuta ya IBM inaitwa Deep Blue 1997, mbona chesi watu wanacheza na kulipwa mpaka leo?

Malenga_Mchovu
Sipati, chesi wanamwangalia mchezaji akihangaika. Mimi nikikesha na vina nani ananiona? Ila mizani iliniangusha kweli, mstari mmoja nane kwa nane, unaofuata tisa kwa saba.

Sipati_Picha
Ndo zake hizo, haisomi silabi kama wewe, inakata maneno vipandevipande ambavyo silabi zetu havizijui.

Fundi_Spana
Mi niko gereji, niliiuliza gari haina nguvu ikanipa sababu kumi na zote za maana, ila kwenda chini ya gari nimeenda mimi. Mtaalamu wa roboti Hans Moravec alishasema tangu miaka ya 80, mambo tunayoyaona ya wasomi mashine inayaweza kirahisi, kushika na kutembea kama katoto ka mwaka mmoja ndo kimbembe. Sasa mimi shuleni niliitwa kilaza kwa sababu insha zilinishinda, kumbe mashine imekuja imeanza na insha. Pole sana malenga ila acha nicheke kidogo 😂

Bi_Maswali
Mdogo wangu, alilia ubeti wa ngapi? Nauliza kwa sababu 1966 huko MIT Joseph Weizenbaum alitoa programu inaitwa ELIZA, kazi yake kuchukua maneno yako na kukurudishia kama swali, haielewi chochote. Katibu muhtasi wake alimwona akiitengeneza miezi yote ile, lakini alipokaa kuchati nayo kidogo tu akamwambia bosi hebu toka nje kwanza. Sasa ile siri alikuwa anampa nani? Nyie mmekazania mashine ina akili kiasi gani, mi naangalia sisi wenyewe tunavyojazia pale penye tupu. Nenda kamuulize huyo mama.

Malenga_Mchovu
MREJESHO. Nimeenda jana na kilo mbili za sukari, nikamuungamia kila kitu. Kanikodolea macho, kasema mwanangu mimi nililia ulipotamka neno jahazi, hayo mengine sikuyasikia, ile spika ilikuwa inakoroma. Na habari ya jahazi niliambiwa na kaka wa binti kwenye simu usiku ule ule, mi nikaipelekea mashine kama nilivyoipokea. Yani beti tano na nusu hazikusikika na mtu, za kwangu wala za AI.

Haya, ile 50,000 niirudishe?

Fundi_Spana
Arudishe mwenye spika.