Kushikiza kingamwili kwa nyuzi za DNA kwenye elektrodi ya dhahabu: ishara ndogo, na kila tukivua inapungua

MwanaTudor:
Hamjambo wataalamu. Tuko Mombasa, tunatengeneza bayosensa (kifaa cha kupimia) ya aflatoksini B1, sumu ya ukungu, kwenye mahindi. Elektrodi ni za dhahabu ya kuchapwa. Usoni tumepanda uzi wa DNA wa besi 22 wenye thioli (kikundi cha salfa kinachoshika dhahabu), tukajaza mapengo kwa merkaptoheksanoli, molekuli ndogo yenye thioli. Kingamwili (protini inayoishika aflatoksini) imeunganishwa na uzi unaooana na ule wa usoni. Sumu ya sampuli inashindana na aflatoksini iliyofungwa kwenye kimeng'enya cha HRP kupata nafasi kwenye kingamwili, nasi tunasoma ishara kwa TMB, kemikali ambayo HRP huibadilisha.

Shida ni mbili. Ishara bila sumu ni ndogo kuliko tunayopata kingamwili ikimwagwa tu juu ya dhahabu. Halafu tukivua (kuondoa kingamwili iliyotumika ili elektrodi itumike tena) kwa NaOH milimola 50, dakika 5, na kupandisha kingamwili mpya, kufikia mara ya tatu ishara imebaki nusu. Uzi wa thioli tunaweka maikromola 5 usiku kucha. Tuanzie wapi?

Pipeti_Kizingo:
Ndugu, anza na msongamano wa nyuzi. Maikromola 5 usiku kucha ni nyingi mno. Kingamwili ina upana wa nanomita 10 hivi, kwa hiyo sentimita moja ya mraba haibebi zaidi ya trilioni moja zikipangwa safu moja. Nyuzi zikifika trilioni 10 hapo, za ziada hazina kazi. Zinasukumana kwa chaji zao hasi na kuzizuia hata zile nyingine zisioane. Shuka hadi maikromola 0.2 kwa saa moja, ndani ya bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ya Tris milimola 10, pH 7.4, yenye NaCl mola 1 na EDTA milimola 1. Chumvi ndiyo inayotuliza chaji.

Kisha merkaptoheksanoli milimola 1, iliyotengenezwa siku hiyo hiyo, saa nzima. Msiifupishe hatua hii: ndiyo inayozibandua nyuzi zilizolala juu ya dhahabu kwa besi zao na kuzisimamisha. Kama kati ya thioli na mfuatano wenyewe mmeweka besi za A nyingi, agizeni T kumi badala yake. A hung'ang'ania dhahabu kuliko besi zote, T kidogo kabisa.

Tone lisikauke pia. Kiyoyozi kinamaliza maikrolita 20 haraka na mkolezo unapanda bila nyinyi kujua. Sahani ya petri yenye karatasi iliyoloweshwa na mfuniko inatosha.

Bi_Makadara:
Nakubaliana naye, ila mimi nashuku zaidi uzi huru, yaani ule usioshikamana na kingamwili. Baada ya kuunganisha kingamwili na oligo (uzi mfupi wa DNA), mlisafisha vipi? Oligo yenu ina kilodaltoni 7 hivi, kingamwili 150. Ile nyepesi hufika usoni kwanza, huoana kwanza, na haiachii. Kingamwili ikifika inakuta nafasi zimejaa. Masalio kidogo tu yanatosha kuharibu kazi nzima, na watu wengi hulaumu dhahabu bure.

Angalieni pia kiunganishi, kemikali ya kufunga oligo kwenye kingamwili. Cha aina ya esta ya NHS huharibiwa na maji, na kwa unyevu wa hapa Pwani, chupa ikitolewa kwenye friza na kufunguliwa ikiwa baridi inavuta umande papo hapo. Iacheni ifikie joto la chumba kwanza. Na kama kingamwili ilikuja ndani ya Tris au glisini, badilisheni bafa kabla ya kuanza, maana amini zake hula kiunganishi chote. Azidi ya sodiamu (kihifadhi) nayo iondoeni, inazima HRP.

MwanaTudor:
Asante sana, Bi. Tulipitisha kwenye safu ya kuondoa chumvi pekee. Na kuvua je?

Bi_Makadara:
Basi hapo ndipo. Safu ile hukamata chumvi na kiunganishi, lakini oligo ya ukubwa huo inapita pamoja na kingamwili. Tumieni kichujio cha sentrifuji cha kilodaltoni 50, mwoshe mara tano au sita, mkipima mnyonyo wa nanomita 260 kwenye maji yanayotoka mpaka usishuke tena. Lengeni oligo moja au mbili kwa kila kingamwili. Wekeni pia elektrodi moja ya kulinganisha, yenye uzi usiooana: ikitoa ishara, kingamwili inajigandisha ovyo, haishikwi na DNA.

Pipeti_Kizingo:
Kuvua: NaOH milimola 10, sekunde 60, kisha bafa mara moja. Nyuzi huachana upesi sana; dakika zinazobaki mnachokoza kifungo cha thioli tu. Urea mola 8 kwa dakika 10 ni ya upole zaidi. Msipashe moto.

Ili kujua kinachopotea, baada ya kuvua pandisheni oligo tupu yenye bayotini, kisha streptavidini (protini inayoshika bayotini) yenye HRP. Ishara hiyo nayo ikishuka, nyuzi za usoni zimeng'oka, na dawa ni kuagiza uzi wenye nanga (ncha ya kushika dhahabu) ya thioli mbili au zaidi. Isiposhuka, tatizo liko kwenye kingamwili yenu ya akiba.

Bi_Makadara:
La mwisho, kuhusu sampuli. Mkikamua gramu 1 ya unga kwa mililita 5 za methanoli ya asilimia 70, zimueni mara 7 ili methanoli ishuke hadi asilimia 10, na zimueni kwa bafa yenye chumvi. Maji matupu yatalegeza nyuzi na kingamwili itaondoka na sampuli. Kikomo cha B1 Kenya ni maikrogramu 5 kwa kilo, kwa hiyo sensa inabidi itambue nanogramu 0.14 kwa mililita. Kwa kipimo cha ushindani, kingamwili nyingi usoni hudhoofisha uwezo huo. Msikimbilie ishara kubwa: mkishaondoa uzi huru, jaribuni nanomola 50, 20 na 5 za kingamwili, mchague ile ndogo kabisa ambayo ishara yake bado inasomeka wazi juu ya elektrodi ya kulinganisha.