[WanaDodoma-Ughaibuni] Bili ya theluji: ni yangu au ya mwenye jengo?

Kutoka: Mama Sambusa, Minnesota
9 Oktoba

Mbukwenyi jamani. Wakubwa, shikamooni.

Juzi nimeletewa bili ya theluji ya Februari. Februari! Mwenye jengo anasema jiji la Minneapolis lilituma watu wakasafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya duka langu, gharama wakaibandika kwenye kodi yake ya jengo, na sasa ananitupia mimi. Kuna picha mbili, na kweli ni kwangu, bango la sambusa linaonekana. Duka liko kona, basi wamehesabu pande zote mbili, hata wa ubavuni ambako sina mlango.

Nimepiga 311 (simu ya huduma za jiji) mara tatu. Wa kwanza kasema andika barua ya kupinga. Wa pili kasema muda wa kupinga umepita. Wa tatu kaomba EIN (namba ya kodi ya biashara), nikampa, simu ikakatika.

Mkataba wangu ni NNN (mpangaji analipa kodi ya jengo, bima na matengenezo). Hiyo bili ni yangu au yake? Baridi ndiyo hiyo inapiga hodi, sitaki ya pili.

---

Kutoka: Kinyozi wa Ohio

Pole dada. Afadhali wewe ni bili tu. Mimi Desemba ya mwaka juzi nilifunga kinyozi siku nne kwenda harusini Texas, nikazima hita kabisa nibane matumizi. Bomba la nyuma ya sinki likaganda. Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, na bomba halina pa kuyapeleka. Ubaya wake, likipasuka hulijui. Linasubiri barafu iyeyuke ndipo limwage. Narudi Jumatatu, sakafu ni Bwawa la Mtera. Watu wa bima wakauliza swali moja tu: hita uliiacha nyuzi ngapi? Nikasema ukweli. Sikupata hata senti.

Siku hizi nikifunga naiacha 55 (Farenhaiti), milango ya kabati la sinki wazi, bomba linadondosha tone tone. Na ujue vali kuu iko wapi. Mimi niliitafuta huku maji yamefika kwenye viatu.

---

Kutoka: Mwalimu wa Kondoa, Toronto

Dada ameuliza habari za theluji, si mabomba. Tusome maswali.

Huku Toronto una saa 12 baada ya theluji kukatika. Chumvi ya kawaida ya kuyeyusha barafu, baridi ikishafika nyuzi -9 za Selsiasi haikusaidii kitu cha maana, unaitupa tu. Tafuta kalsiamu kloraidi, ni ghali lakini inafanya kazi. Na usisubiri Desemba, madukani hukuti hata koleo.

---

Kutoka: Nesi wa Leeds

Uingereza hakuna sheria ya kukulazimisha kusafisha mbele ya duka. Watu wanaogopa hata kugusa, eti mtu akiteleza ulipopasafisha atakushtaki, ilhali mwongozo wa serikali wenyewe unasema hilo ni nadra. Ila msimwage maji ya moto! Yanaganda upya, yanakuwa kioo. Kuna mtu alifanya hivyo, mguu wake niliufunga mimi.

---

Kutoka: Kijana wa Chang'ombe, St. Paul

Mama usihofu, Minnesota kuna Cold Weather Rule (sheria ya msimu wa baridi), kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30 hawakukatii gesi ukipanga nao malipo na kuyatimiza.

---

Kutoka: Mwalimu wa Kondoa, Toronto

Hiyo ni ya makazi, kijana. Duka si makazi. Na nani kauliza gesi?

---

Kutoka: Kijana wa Chang'ombe, St. Paul

Sawa mwalimu, yaishe. Basi theluji: kwetu St. Paul ni masaa 24. Minneapolis nyumba za kawaida masaa 24, biashara masaa manne ya mchana tangu iishe kudondoka. Jiji wakikukuta hujasafisha wanasafisha wao, bili inakufuata.

---

Kutoka: Mama Sambusa, Minnesota

Ngoja. MASAA manne?

Mwaka jana humu humu mliniambia "theluji iondolewe saa nne". Mimi kila siku saa nne asubuhi nilikuwa nje na koleo, mgongo umeniisha! Siku ile ya bili nilimaliza saa nne na nusu, theluji ikaendelea hadi adhuhuri, nikajua kesho saa nne tena.

---

Kutoka: Kinyozi wa Ohio

Nimefukua barua za mwaka jana. Kijana aliandika "masaa manne". Mwalimu akamsahihisha.

---

Kutoka: Mwalimu wa Kondoa, Toronto

Na nitasahihisha tena. Saa ni ngeli ya I-ZI. "Masaa" si Kiswahili sanifu. Angeandika "muda wa saa nne" pasingekuwa na utata.

---

Kutoka: Kijana wa Chang'ombe, St. Paul

Basi bili apelekewe aliye sanifu.

---

Kutoka: Niliyerudi, Nkuhungu

Mnanichekesha na baridi zenu. Leo hapa Dodoma jua linapasua kichwa, vumbi tupu, mvua tunaisubiri Desemba. Lakini msinidharau: Julai usiku ulishuka hadi nyuzi 13 na upepo wetu mnaujua. Kifaranga wa siku moja anataka 32 hadi 35 wiki ya kwanza. Umeme ukakatika saa nane usiku (saa nane ya saa, mwalimu), wakarundikana kona moja, wakalaliana. Nilipoteza nusu. Sasa naweka chungu cha mkaa, turubai upande wa upepo, na juu naacha upenyo, maana hewa ya mkaa inaua vifaranga na mwenye vifaranga.

Leseni yenyewe ya mradi huu wa kuku bado. Kuna ofisi hapa mjini imenizungusha tangu Mei. Kila nikienda wanataka karatasi niliyowapa mara iliyopita.

---

Kutoka: Nesi wa Leeds

Bora wewe unazungushwa ukiwa raia. Mimi nilichukua pasi ya huku, kwetu naingia kwa viza kama mtalii, na mama yangu yuko Area A, hapo Dodoma. Uraia pacha tutauimba mpaka lini?

---

Kutoka: Kinyozi wa Ohio

Usianze siasa, dada, tutakesha. Niliyerudi, zabibu za mwaka huu vipi? Ile treni ya SGR umeipanda?

---

Kutoka: Niliyerudi, Nkuhungu

Mara mbili. Asubuhi nakunywa chai nyumbani, mchana niko Dar. Zabibu tamu, njoo ule.

---

Kutoka: Mama Sambusa, Minnesota

Na NNN je?

---

Kutoka: Kinyozi wa Ohio

Dada, hizo sambusa unatuma mpaka Ohio?