Mrejesho: makosa ya ZFS baada ya kuhamia Debian 12

Wakuu, nashukuru kwa michango. Kwa ambao hawakufuatilia: nilipandisha seva kutoka Debian 11 (mfumo endeshi wa Linux) kwenda 12, kisha zpool status (amri ya kuangalia hali ya diski za ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili) ikaanza kuonyesha makosa ya CKSUM (data iliyosomwa hailingani na alama yake ya uhakiki) kwenye diski zote mbili za mirror (zinazobeba nakala ileile), idadi zikiwa sawasawa. Aliyesema nipime RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kabla ya kununua diski, umepiga penyewe. Memtest86+ (programu ya kupima RAM) ilitema mistari myekundu ya makosa mapema tu. Debian tuliisingizia bure. Stiki mbovu ya RAM nimeitoa, mafaili yaliyoharibika nimeyarudisha kutoka kwenye bakapu (zpool status -v inayataja moja moja, raha sana), kisha zpool clear (kufuta hesabu za makosa) na scrub (kukagua data yote upya). Hesabu za makosa ya READ, WRITE, CKSUM: zote sifuri. Sasa bosi alishaidhinisha hela ya diski, sijui nimwambieje.