Ethi ya sola: nipigilie rodi ya pili au nitumie ya nyumba?

Mkazi wa Muleba: Wakuu, salaam. Radi za huku Ziwa mnazijua. Nimefunga sola mwenyewe: paneli nne za wati 300 juu ya bati zilizoungwa mfululizo, inveta ya kilowati 3, betri ya volti 48. Imebaki ethi, yaani waya na rodi ya chuma ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Nyumba ina TANESCO na rodi yake iko nyuma ya jiko. Nataka kupigilia nondo ya mita moja upande wa paneli, ijitegemee. Inatosha? Na waya hasi wa paneli nao niupeleke ardhini? Nina watoto wadogo, sitaki kubahatisha.

Fundi wa Kisiwani: Mkuu, nondo achana nayo, itaoza kwa kutu. Chukua rodi ya chuma iliyovikwa shaba, mita 1.5 au zaidi, uizamishe yote kibaki kichwa. Lakini usiache rodi mbili zisizoungana! Radi ikipiga jirani, ardhi ya upande mmoja inapanda volti kuliko ya upande wa pili, na tofauti hiyo inapita kwenye inveta yako. Ziunge kwa waya wa shaba wa mil 16 (milimita za mraba).

Mama Sola: Waya hasi usiuguse, labda kitabu cha inveta kiseme. Inveta nyingi za sasa hazina transfoma, utaiunguza. Kinachokwenda ardhini ni fremu za paneli, reli zinazozibeba na gamba la inveta, kwa waya wa kijani na njano. Fremu ni alumini. Shaba ikiigusa penye unyevu, alumini inalika. Weka bolti za stenlesi na washa yenye meno, ikwangue ile ngozi ya juu ya fremu, maana haipitishi umeme. Tundu la bolti hiyo kwenye fremu lina alama ya ethi.

Mkazi wa Muleba: Na nikitia chumvi kwenye shimo la rodi ili ethi iwe nzuri?

Fundi wa Kisiwani: Inasaidia kwa muda, kisha mvua inaiondoa, na rodi inaliwa. Afadhali rodi ndefu. Kuunga kwenye bodi ya umeme ya nyumba mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati, aje na mita ya kupimia ukinzani wa ethi. Wengi tunalenga omu 10 kushuka chini. Tena ethi peke yake haiokoi inveta: weka SPD, kifaa kinachomwaga ardhini volti za ghafla za radi, upande wa DC (wa paneli) na upande wa AC (wa umeme wa nyumba).

Mama Sola: Na paneli zifunike kabla ya kushika nyaya. Breka ukiizima, upande wa paneli bado una volti zaidi ya 150 juani. Hizo zinaua.

Mkazi wa Muleba: Nimewaelewa, nashukuru sana. SPD ya DC nichukue ya volti ngapi?

Fundi wa Kisiwani: Izidi volti ya juu kabisa ya paneli zako zote. Ya 500 inakufaa.